Jinsi ya kuandaa usiku wa muvi za miaka ya tisini nyumbani, kwa watu wa Kigoma

Wadau kiangazi ndo hiki, mwezi wa sita mpaka wa nane mvua hakuna, shule zikifungwa ndugu wanashuka na treni kutoka Dar na Tabora, na kila nyumba ina mtu mmoja wa kusema "nyie watoto hamjui muvi, muvi zilikuwa za enzi zetu". Badala ya kubishana kila siku andaeni usiku mmoja, tundikeni shuka jeupe uani, muonyeshane. Naeleza hapa namna ya kufanya kuanzia kuchagua mpaka kuonyesha, na kwenye kuchagua ntakaa sana maana ndo watu wengi wanapoharibu, mambo ya nyaya na projekta ni madogo.

Cha kwanza usifungue intaneti ukatafuta "muvi 50 bora za miaka ya 90" alafu ukafuata kama ilivyo. Zile orodha zimeandikwa na watu wa kwingine kwa macho ya kwao. Chukua The Shawshank Redemption ya 1994, iko juu karibu kila orodha, ni muvi nzuri sina ugomvi nayo, ila hata huko Marekani ilipoingia kwenye majumba ya sinema haikufanya biashara, imekuja kupendwa baadae kwa mikanda na televisheni. Sasa muulize mzee wa Mwanga au Ujiji kama aliiona kipindi kile, atakukodolea macho. Muulize kuhusu muvi za Van Damme uone.

Kanuni ninayotumia mimi ni hii: muvi pendwa ni ile mtu anayoweza kukusimulia leo hii bila kuiangalia tena, kuanzia mwanzo mpaka adui anakufa, mikono ikicheza hewani. Asipoweza kuisimulia basi aliiona tu, haikumuingia. Ukishika hiyo, orodha yako itakuwa fupi na itakuwa ya kwenu kweli.

Anza kwa kuwahoji

Shika daftari, nenda kwa baba mdogo, kwa shangazi, kwa yule jirani aliyewahi kuwa na deki, wahoji mmojammoja. Usiwaweke pamoja, watabishana na mwenye sauti kubwa ndo atachagua muvi zote. Na usiulize jina la muvi maana wengi hawajui na hawakuwahi kulijua, mkanda ulikuwa umeandikwa kwa peni, au haujaandikwa kabisa. Uliza hivi: steringi alikuwa nani, adui alikufaje, kulikuwa na chombo gani (basi, meli, ndege, helikopta), mliangalia kwa nani. Hilo la mwisho linasaidia kuliko unavyodhani, mtu akikumbuka sebule anakumbuka na picha.

Kwa vijana ambao hawajui, Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, na hata ilipoanza ilikuwa ya Dar kwanza. Sisi huku mwisho wa reli umeme ulikuwa wa majenereta ya dizeli, kwaiyo "muvi ya miaka ya tisini" kwa mtu wa Kigoma maana yake ni mkanda uliokuja na treni au kwenye begi la mtu, ukaingizwa kwenye deki moja mtaa mzima ukajaa. Mkanda mmoja uliangaliwa mpaka picha ikaanza kutoa mistari. Ndo maana mtu anaweza kukusimulia muvi moja kipande kwa kipande na zingine kumi za mwaka huohuo hazijui.

Sa kuna kazi ya kugeuza simulizi kuwa jina. Njia nyepesi ni kwenda Wikipedia, kufungua ukurasa wa muigizaji, kushuka mpaka kwenye orodha ya filamu zake, alafu unasoma zile za 1990 mpaka 1999 ukilinganisha na ulichoandika kwenye daftari. Kwa Van Damme hapo unakutana na mtego mzuri. Mtu akikwambia "ile ya mapacha" utaandika haraka Double Impact ya 1991, kumbe kuna Maximum Risk ya 1996 nayo ina mapacha. Rudi muulize: pacha mmoja anakufa mwanzoni? Akisema ndio basi ni Maximum Risk. Akisema walikuwa wawili wanapigana pamoja mpaka mwisho, mmoja nywele kazichana nyuma na mwingine mpole mpole, hiyo ni Double Impact.

Jackie Chan ana shida yake, muvi zake zina majina mawili mawili. Ile ya tatu ya Police Story ya 1992, aliyocheza na Michelle Yeoh, ilikuja kutolewa Marekani 1996 kwa jina la Supercop. Drunken Master II ni ya 1994 ila ukitafuta unaweza kuikuta kama The Legend of Drunken Master na mwaka umeandikwa 2000, ukafikiri ni muvi nyingine. Mtu akikwambia Jackie amepoteza kumbukumbu akaishi na watu wa kabila fulani Afrika, alafu mwishoni anateleza kwenye ukuta wa ghorofa la vioo uliolala, ni Who Am I? ya 1998, na lile ghorofa liko Rotterdam Uholanzi. Akikwambia kuna chombo kikubwa kinatoka majini kinaingia barabarani kinakanyaga magari, Rumble in the Bronx, 1995. Kwenye hiyo Jackie alivunjika kifundo cha mguu akaendelea kushuti na bandeji, ngoja majina ya mwisho yapite utaona wameonyesha.

Za Kihindi unauliza kisa na nyimbo. Ndugu wawili wanauliwa alafu wanazaliwa upya wamrudie mama yao: Karan Arjun, 1995. Kijana mzuri anaenda na mchumba wake juu ya ghorofa alafu anamsukuma chini, watu wote wakapiga kelele: Baazigar, 1993, Shah Rukh Khan huyo na Shilpa Shetty ndo anayesukumwa. Jamaa anampenda mke wa mtu na anagugumia akitaja jina lake kwenye simu: Darr, 1993, Shah Rukh tena. Mama zetu wengi walimchukia kwanza kabla ya kumpenda.

Roboti anayeyeyuka kama uji wa chuma alafu anasimama tena ni Terminator 2, 1991. Basi haliruhusiwi kupunguza mwendo chini ya maili 50 kwa saa, kama kilometa 80 hivi, la sivyo linalipuka, hiyo Speed ya 1994. Hizi mbili hazihitaji hata kuhoji sana, kila nyumba zipo.

Mwaka gani unahesabika

Hapa patatokea ugomvi ujiandae. Muvi zilikuwa zinatufikia zimechelewa, kwaiyo nusu ya wanazoziita "za tisini" ni za themanini. Commando ni ya 1985. Bloodsport 1988, Kickboxer 1989, Predator 1987, ile ya Rambo ya kwanza 1982. Coming to America ya Eddie Murphy 1988. Disco Dancer ya Mithun 1982, na Sholay ni 1975 kabisa. Upande wa pili nako wapo wanaoleta za baadae, Gladiator ni 2000, Mohabbatein 2000, Kabhi Khushi Kabhie Gham 2001, na wale Aki na Ukwa wa Nigeria 2002. Nollywood yenyewe ilishaanza kuvuma kwao na Living in Bondage ya 1992, ila huku kwetu zimekuja kushika miaka ya elfu mbili, kwaiyo mtu asikudanganye.

Wengine wanasema hesabu mwaka ulioiona wewe. Mimi nakataa. Ukifungua huo mlango Commando anaingia, nyuma yake Bruce Lee, na usiku mzima umeisha hamjagusa tisini hata kidogo. Mwaka wa kutengenezwa ndo mwaka, 1990 mpaka 1999, basi. Wanaolalamika waambie wiki ijayo ni usiku wa themanini.

Hata Lumumba ya Raoul Peck inaangukia nje kwa kanuni hii maana ni ya 2000, na mimi kama mtu ninayepanda barabara ya Lumumba kila siku inaniuma, lakini kanuni ni kanuni.

Ipi inasimama na ipi imechoka

Ukishapata majina kama kumi na tano usiyapeleke yote uani. Ziangalie kwanza peke yako, angalau nusu saa ya kila moja, kwa sababu muvi inayosimuliwa vizuri inaweza kuwa imechoka vibaya ikionekana. Watoto wa siku hizi wamezoea michoro ya kompyuta ya hali ya juu, wakicheka kabla hujataka wacheke usiku umeharibika.

Jurassic Park ya 1993 haijachoka. Sababu ni kwamba Spielberg alitumia madude makubwa ya kutengenezwa kwa mkono akachanganya na kompyuta kidogo, na kwenye muvi ya saa mbili na dakika chache wale dinosaria wenyewe wanaonekana kama robo saa tu. Muda uliobaki unaona maji yanatikisika kwenye glasi na watu wanahema. Weka hii usiku wa kwanza, haina mtu itakayemuangusha.

Anaconda ya 1997 imechoka lakini uzuri wake ndo huo, iweke kwa kucheka. Nyoka akiwa wa kompyuta anaonekana kama amebandikwa. Alafu kuna kipande chombo kinaondoka na nyuma yake kuna maporomoko, maji yanapanda juu badala ya kushuka, kwa sababu waliirudisha picha kinyumenyume ili chombo kionekane kinaondoka. Usiwaambie. Watoto wa Kibirizi na Katonga waliokulia majini watakiona wenyewe na watapiga kelele. Dakika 89 tu, inaisha haraka.

Congo ya 1995, ile ya masokwe weupe weupe wanaolinda almasi, nayo ni ya kucheka, hasa kama uani kuna mtu mwenye ndugu Uvira au Kalemie, kule Kongo ng'ambo ya ziwa. Mimi nadhani ni muvi mbovu ila ni mbovu kwa namna inayochangamsha.

Mbili ambazo hakuna atakayekutajia lakini nakushauri uziingize kwa nguvu. Moja ni Mountains of the Moon ya 1990, inahusu Burton na Speke, wale Waingereza waliotoka pwani wakapita Tabora, enzi hizo wageni wakipaita Kazeh, wakafika Ujiji mwezi wa pili 1858. Burton alikuwa hawezi kutembea na Speke macho yamemharibika, yani walifika kwenye ziwa hili mmoja akiwa hajiwezi miguu na mwingine halioni vizuri. Sidi Mubarak Bombay, yule kiongozi wa msafara mwenye asili ya Uyao, naye yumo. Muvi yenyewe imependelea Waingereza sana kama kawaida, na ina vipande vya kikubwa kwaiyo ni ya watu wazima, ila ukiwa Ujiji kuona watu wanabishania Ujiji ni raha ya peke yake, mtakosoa mpaka usiku wa manane.

Ya pili ni When We Were Kings, 1996, ya kweli siyo ya kuigiza, pambano la Ali na Foreman pale Kinshasa 1974. Picha zilipigwa mwaka huohuo wa pambano zikakaa miaka zaidi ya ishirini kwa sababu ya pesa na kesi, ikatoka ikachukua Oscar. Ina ngumi, ina Mobutu, ina Miriam Makeba, ina James Brown. Kwa wazee wetu waliokulia kwenye muziki wa Zaire hii haina mpinzani, na haizidi saa moja na nusu.

Sarafina! ya 1992 nadhani shangazi atakutajia mwenyewe, Leleti Khumalo na Whoopi Goldberg, wanafunzi wa Soweto. Watu wanakumbuka nyimbo wanasahau kwamba ndani kuna mateso ya polisi na mtu anachomwa moto. Usiwawekee watoto wadogo kwa sababu tu ina sare za shule.

Titanic na mikanda isiyotosha

Kuhusu Titanic, 1997, Oscar 11, saa tatu na robo, kila mtu ataitaka na mimi sikuzuii. Ila kabla hujaiweka angalia nani yuko uani. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 mwezi wa tano 1996, mwaka mmoja na nusu tu kabla ya muvi hiyo kutoka, na mamia ya watu walikufa. Kuna nyumba zilipoteza ndugu. Na sisi tunaoishi ziwani kila mmoja ana wa kwake. Nusu ya mwisho ya Titanic ni watu wanakufa majini kwa muda mrefu sana, kwaiyo uliza kwa upole mapema, mtu akisema hapana chagua nyingine wala usimuulize kwa nini.

Alafu kuna jambo la urefu ambalo linaeleza mengi. Mkanda wa VHS uliozoeleka kwetu ulikuwa E-180, namba hiyo ni dakika, yani saa tatu. Titanic haiingii, ndo maana ilitolewa mikanda miwili. Na picha za Kihindi za kipindi kile baadhi zinazidi saa tatu: Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995 ni dakika 189, Kuch Kuch Hota Hai ya 1998 inapita saa tatu kidogo, Hum Aapke Hain Koun ya 1994 ina nyimbo 14 na haina haraka kabisa. Sa mtu akiinakili dakika 189 kwenye mkanda wa 180 kitu gani kinakatika? Mwisho. Na mwisho wa Dilwale ndo wenyewe, stesheni, treni inaanza kuondoka, baba kamshika binti mkono, anamuachia akimbie. Inawezekana kabisa mama yako ameipenda hiyo picha miaka yote na hajawahi kuuona mlango wa lile behewa. Sinema ya Maratha Mandir kule Mumbai imeionyesha zaidi ya miaka 20 mfululizo. Ukiiweka hapa Kigoma, watu wanaojua kusindikiza na kupokea treni, hakikisha kopi yako ni kamili, nenda dakika kumi za mwisho uangalie kabla watu hawajakaa.

Kupata kopi

Nyingi zipo kwenye huduma za kulipia za mtandaoni na baadhi za Kihindi zipo YouTube kwenye chaneli za wenyewe waliozitengeneza. Danlodi ndani ya aplikesheni yenyewe usiku kwa bando la usiku, usitegemee kuangalia moja kwa moja mbele ya watu, intaneti ikianza kuzunguka kale kaduara utaona aibu. DVD za zamani nazo zipo, zifute na kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, siyo kuzungusha.

Kama una mikanda yenyewe na deki bado inafanya kazi, fungua kile kifuniko cha mkanda uangalie utepe. Ukiona unga mweupe au madoa hiyo ni kuvu, hewa yetu ya ziwani inaipenda mikanda, usiingize kwenye deki maana utachafua vichwa vya deki na kila mkanda utakaofuata utaharibika. Ulio safi upeleke mbele mpaka mwisho na kuurudisha mwanzo kabla ya kuucheza, unalegeza pale ulipogandamana. Kuhamishia kwenye kompyuta unahitaji kile kifaa kidogo cha USB chenye tundu nyekundu, nyeupe na njano, na ujue inahama kwa muda wake halisi, mkanda wa saa tatu ni saa tatu hakuna ujanja. Mkanda ulioletwa na mtu kutoka Marekani unaweza kutoa picha nyeusi na nyeupe au inayoruka, haujafa, ni mfumo tofauti, wao NTSC sisi PAL, tafuta deki inayosoma yote mawili.

Mtafsiri

Maandishi ya chini ya Kiswahili ni adimu kwa muvi hizi na watu wazima wengi hawataki kusoma usiku. Kwaiyo teua mtafsiri. Waliofanya kazi hii kwenye vibanda umiza, na waliorekodi tafsiri zao kama Lufufu wa Dar, walijua siri moja: hutafsiri kila sentensi, unasimulia. Mtafsiri wako aiangalie muvi siku moja kabla, aandike majina na kipande kipi kina maneno mengi. Siku yenyewe aongee pale mapengo yalipo, akae kimya kwenye ngumi na kwenye nyimbo, na asiseme mbele kitakachotokea hata wakimbembeleza. Aongeze chumvi? Aongeze, lakini kidogo, mtu akiuliza "kasema hivo kweli?" mara tatu basi imezidi. Mpe maikrofoni iunganishwe kwenye sabufa moja na sauti ya muvi, sauti ya muvi ishuke kidogo, asipige kelele juu ya spika.

Yeye huyohuyo ndo awe na daftari la vipande vya kuruka. Hii ni muhimu mno kwa nyumba zetu, bibi kakaa mbele, mjomba shehe kakaa pembeni, alafu Titanic inafika pale Rose anachorwa. Usisubiri ifike ndo uanze kupapasa rimoti gizani, andika dakika inapoanza na dakika inapoisha, ikikaribia unaruka kimyakimya na mtafsiri anasema "wakachora picha, maisha yakaendelea".

Siku yenyewe

Watu wanaonakili ratiba za Dar wanakosea hapa. Sisi tuko magharibi kabisa lakini saa ni ileile, jua la Kigoma linazama kama dakika arobaini nyuma ya Dar, karibu na saa moja kamili, na giza la projekta linakuja saa moja na nusu huko. Ukitangaza saa kumi na mbili na nusu watu watakaa wanaangalia shuka jeupe. Anza saa mbili na robo, Isha imeshaswaliwa, chakula kimeshaliwa. Titanic ukiianza muda huo inaisha saa tano na nusu, kwaiyo waalike majirani mapema au uwaombe radhi mapema. Kama kuna watoto wadogo wawekee The Lion King ya 1994 ndani kwenye TV kuanzia saa kumi na mbili jioni, dakika 88, wanakula, wanalala, watu wazima mnatoka uani.

Shuka livutwe kwa kamba pande zote nne, siyo juu tu, upepo wa ziwa ukipiga Schwarzenegger anacheza mayenu. Ukuta uliopakwa chokaa ni bora zaidi kama upo. Projekta ndogo za bei rahisi zinadanganya kwenye boksi kuhusu mwanga, ijaribu usiku kabla hujainunua au kuikodi, mchana zote zinaonekana mbovu na dukani gizani zote zinaonekana nzuri. Taa za nje zima, mwambie na jirani. Umeme ukikatika uwe na betri la sola lenye kuhimili projekta na sabufa pamoja, jumlisha wati za vyote viwili kabla, jenereta linakula sauti. Udi wa mbu weka chini upande upepo unapotokea. Chakula sisemi sana, karanga, mihogo ya kuchoma, kahawa, mwenye migebuka alete.

Picha za Kihindi zina mapumziko katikati, zimetengenezwa hivo, tumia hapohapo kugawa chai. Za Marekani hazina, kwaiyo kwa muvi inayozidi saa mbili chagua mwenyewe pa kukata. Terminator 2 kata wakishamtoa mama hospitali. Jurassic Park usikate kabisa baada ya umeme wa kule kisiwani kuzimika, watakulaani.

Usiku mmoja muvi moja ndefu, au mbili fupi, ya kucheka ianze na ya maana ifuate. Anaconda alafu When We Were Kings inakwenda vizuri sana. Kihindi ikae usiku wake peke yake, ukiichanganya na Van Damme nyumba inagawanyika pande mbili na kila upande unaongea wakati wa muvi ya mwenzake.

Na kiingilio hapana. Ukiwaonyesha ndugu na majirani uani kwako hayo ni ya nyumbani, ila ukianza kukusanya hata mia tano mlangoni umeshafungua biashara, ina vibali vyake na hakimiliki za watu, uende ukaulize Bodi ya Filamu na COSOTA, wale wa hakimiliki, kwanza. Mwenye kutaka kuchangia aje na karanga au kilo ya sukari.